Jina Kwenye Kitako cha Bunduki

Mjukuu wangu Seifu,

Salaamu kutoka Mohoro. Mama yako mzima, mpunga keshavuna.

Umeniuliza fundi aiongezee nini bunduki ya mitutu miwili ya babu yako. Kitako kipya na mkanda wa ngozi, sawa. Lakini jina asichonge!

Wakati wa vita vya Maji Maji nilikuwa kigori. Baba yangu mdogo alimwazimisha jirani bunduki yake, akafukuzie nguruwe shambani. Jirani akaenda nayo vitani kupigana na Wadachi, akaiangusha wakati wa kukimbia. Akida wa Wadachi akaiokota, akasoma jina la baba mdogo lililochongwa kitakoni, akaja kwetu na askari.

"Jina ni langu, kidole si changu," baba mdogo akamwambia.

Akida akacheka. Wakamchukua, hakurudi. Hivi mtu huhukumiwa kwa maandishi tu? Nimezeeka, Seifu, na kicheko kile bado kinanichoma.

Bibi yako,
Mwanahawa