Ukurasa wa Mwisho Ambao Sikumtafsiria Eeddo Dahabo

Jumanne, mtaani Waberi. Joto limenitoa kitandani mapema, lakini sina pa kwenda. Kazi imekwisha.

Mwaka mzima nimekuwa mkalimani wa watafiti waliokuja Garissa kujaribu dawa mpya ya kutokwa damu puani. Unapuliza puani asubuhi na jioni. Wao wana Kiingereza na Kiswahili, wagonjwa wengi wana Kisomali tu. Mimi nikakaa katikati.

Eeddo Dahabo alitoka Habaswein. Si shangazi yangu wa kuzaliwa, ila mwanamke wa umri ule utamwitaje tena? Ugonjwa ni wa ukoo wao. Mama yake alitokwa damu hivyo hivyo hadi ikamuua. Yeye aliswali akiwa na kitambaa mkononi.

Siku ya kutia alama ya kidole kwenye fomu ya kukubali, daktari alinisomea nami nikatafsiri. Ukurasa wa mwisho ulisema utafiti ukiisha, dawa haitatolewa tena.

Sikuutafsiri.

Niliogopa atakataa. Wagonjwa walikuwa hawajatimia idadi, na bila wagonjwa sina kazi. Daktari akauliza, "Ameelewa?"

"Ameelewa," nikasema.

Dawa ikamkubali. Mwezi wa pili wa kutumia dawa alinishika mkono akicheka: "Mwanangu, jana nimesujudu nikainuka, mkeka safi!" Nikajivuna, kana kwamba dawa niliitengeneza mimi.

Jana alikuja na chupa tupu. Akakuta masanduku mlangoni, friji imeshabebwa. Nikamwambia hakuna nyingine.

"Walijua tangu mwanzo?"

"Walijua, Eeddo. Iliandikwa."

"Na wewe?"

Nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ningekubali hata hivyo," alisema. "Ila nisingemwambia Sahra azae bila hofu."

Sahra ni bintiye. Damu inamtoka kama mama yake. Alikuwa ameapa hatazaa mtoto wa kurithi mateso hayo. Sasa ana mimba ya miezi mitano.

Asubuhi hii daktari amenitumia ujumbe kutoka Nairobi: matokeo ni mazuri sana, hongera kwetu sote. Dawa imefaulu kwa nani? Wao watapandishwa vyeo. Eeddo amerudi kwenye kitambaa. Nawachukia, halafu nakumbuka kwamba wao walisoma kila neno. Aliyenyamaza ni mimi.

Sijamjibu.

Alhamisi nakwenda Habaswein. Sahra asikie kutoka kwangu, si kwa mama yake. Akinifukuza, ana haki.

Lakini asiponifukuza, akaniuliza sasa afanye nini, nitamwambia nini?