Wimbo Niliompa Binti wa Makram Bek

Jumatatu, 8 Oktoba
Amekuja Nagat, binti wa marehemu Makram Bek, bwana mkubwa wa kijiji, anayekaa nyumba inayotazamana na yangu. Nilimwomba radhi kwa vumbi la kiti — tangu mke wangu Firyal afariki, nyumba imekosa mkono. Jumapili ni arobaini ya baba yake. Ameacha wasia aombolezwe kwa nyimbo za kale, kama babu yake. Lakini waliaji wa kukodiwa wamekwisha kijijini.
"Umebaki wewe, ami. Nifundishe. Padri atanuna — lakini baba alimnunisha hata alipokuwa hai!"
Nilisema ni heshima kubwa kwangu. Heshima!

Jumanne, 9 Oktoba
Niandike wazi, kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mama yangu, Dimyana, alikuwa mliaji wa kukodiwa, nami nilimbebea tari. Nililelewa matangani. Nililala juu ya mikeka ya wafiwa, nikala dengu zao. Mama akinifinya, nililia. Kabla sijajua herufi nilijua wimbo wa kila mfu: wa bwana mkubwa, wa bibi harusi, wa aliyezama mtoni, wa mgeni asiye na mtu.
Katika shule ya misheni, bibi mkuu alinisimamisha mbele ya darasa niombe radhi kwa kazi ya mama. Niliomba. Tangu hapo sijaacha — huomba radhi hata kwa mlango nikiugonga.
Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa. Wanawake wa kumlilia walikwisha kufika mlangoni. Makram akapita juu ya farasi, akawarudisha shambani kwake kuchuma pamba. "Dimyana amelilia watu wote," alisema akicheka. "Machozi yamekwisha!"
Akazikwa kimya. Nami — naona haya kuliandika — nilimshukuru Bek kwa kusimama.

Alhamisi, 11 Oktoba
Somo la kwanza. Sauti ya Nagat inakwaruza kidogo, kama itakiwavyo. Uliomstahili baba yake ni wimbo wa bwana mkubwa: farasi amesimama, mwenye tandiko hayupo. Sikumpa huo. Nimempa wa mgeni asiye na mtu:

Nilibisha kwa jirani, jirani yuko shambani;
nani atakufumba macho, ewe uliyelala njiani?

Vijana hawataujua. Vikongwe watautambua kwa ubeti wa kwanza. Mbele ya ukoo wake wote, Bek ataliliwa kama mzururaji aliyeokotwa kando ya mfereji! Nilimsahihisha binti matamshi kwa upole mwingi. Kahawa ilikuwa tamu.

Ijumaa, 12 Oktoba
Beti tano. Anashika haraka. Sijapata furaha namna hii tangu nistaafu ualimu.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimegunduliwa. Nagat alikuwa akijizoeza jikoni; Bibi Bahiga, kikongwe wa miaka tisini, akamsikia, akaangusha ungo. "Nani kakufundisha huo? Yule mbeba-tari wa Dimyana? Kazeeka kama kiatu cha tarishi, na bado ana kinyongo!"
Nagat alinieleza hayo akiwa amesimama. Nilianza kuomba radhi. Akainua mkono.
"Radhi weka kando, ami. Nipe sababu."
Nikampa. Pamba, farasi, kicheko — vyote. Kahawa yake ikapoa. Kisha akasema:
"Umenifundisha beti tano. Bahiga anasema ziko sita."
Kweli. Katika wa sita mfu huitwa kwa jina lake, mara tatu, nao wanawake huitikia. Nilimwimbia. Mahali pa jina nikapaacha wazi.
"Hapa nimtaje nani?"
Ningaliweza kumwomba aimbe wimbo wa bwana mkubwa. Siku moja yatosha kuujifunza. Sikumwomba. Akaondoka bila kuaga.

Jumapili, 14 Oktoba
Saa kumi alasiri. Nimewatumia salamu kwamba goti linaniuma. Uongo. Niko dirishani.
Wanawake wameanza. Ni wimbo wangu! Ubeti wa kwanza — vikongwe wamenyamaza ghafla. Kaka yake Nagat, yule wa Kairo, anauliza kwa sauti kuna nini. Bahiga anamjibu: "Nyamaza, mwanangu, hili ni la wakubwa zako."
Wa pili. Wa tatu. Nagat hatetereki.
Najua jina ninalolitaka. Nataka la baba yake. Nataka vikongwe wote waliitikie, limfuate kaburini. Mungu anisamehe, nalitaka. Lakini midomo yangu inaunda jingine, la mama, nami naiziba kwa kiganja, haizibiki.
Wa tano umekwisha. Tari imenyamaza. Bahiga ameinuka, ameshikilia nguzo. Naandika nimesimama. Nagat ameelekeza uso huku, kwenye dirisha langu, anavuta pumzi —