Karata moja ya kurudisha

Jumamosi, siku ya posho, usiku

Na yule wa redio anasema uongo. Asubuhi alitangaza kwamba mucheza tenisi mumoja amefanya grand chelem, amebeba mataji yote makubwa ya mwaka, kisha akaongeza kwamba neno lenyewe lilizaliwa mu tenisi. Hapana. Bwana yangu, Mungu amupokee, alinieleza zamani: lilitoka ku meza ya karata. Unakula karata zote, mwenzako habaki na hata moja.

Yeye akifanya chelem alimurudishia mwenzake karata moja, akicheka: "Muntu asirudi kwake mikono mitupu."

Minye niligeuka nimuambie yale ya redio. Nikakumbuka.

Muchana tulimaliza kilio chake. Kaka yake mukubwa alifika toka Kakanda na kamyoneti, akapakia kitanda, frigo, viti. Alipoinua mashini yangu ya kushona nikamushika mukono.

"Shemeki, ile iko yangu. Nilikuya nayo mu ndoa."

"Bintu byote bya mu nyumba biko bya famille yetu. Weye unajua."

Wanaume waliocheza karata na bwana yangu miaka yote walikuwa pale chini ya turubai. Waliangalia chini, mashini ikapakiwa. Na minye sina kazi ingine ila kushona. Watoto, sijui nitawalisha na nini.

Kamyoneti ilikuwa imeshawaka, shemeki akashuka, akarudi mulangoni peke yake. Nikawaza ile karata moja. Nikafikiri anarudisha mashini.

Alikuja kuchukua redio.