Jiwe ya Mlango

Ouma, ndugu yangu mdogo,

Kama bado uko hai huko Shirati, ama popote maji ilikutupa, keti chini kwanza. Ni mimi kaka yako, na unajua mdomo yangu haijui kufupisha. Darasa sikukaa sana, lakini kwa tanga, omera, ndugu yangu, hakuna mtu kutoka Dunga mpaka Asembo alinishinda. Upepo ikiniona ilikuwa inasalimia.

Unakumbuka ule mwaka ziwa ilipanda ikameza miti yote ya kufungia mashua? Tulikuwa tumetoka Dunga, kamba ikakatika, jiwe yetu ya nanga ikabaki chini ya maji. Tukafika ile kona yetu chini ya Kombewa, penye maji inatulia kama uji kwa sahani. Juu kwa kilima, zile kuta za mawe za watu wa zamani, boma yenye hata babu hakujua nani alijenga. Na sisi hatuna kitu ya kushika mashua.

Nikasema, "Twende tutoe moja pale juu."

Ukasimama. "Baba alikataza. Hiyo ni nyumba ya watu."

"Watu gani? Wamekufa mpaka majina yao imekufa. Ama unaogopa watakosa pa kukalia?"

Nikachagua moja ya pale mlangoni, nyembamba katikati, kama imezaliwa kwa ajili ya kamba. Mashua ikalala hapo miezi mbili bila kutingika, kama ng'ombe ameshiba. Soko yote ya Kombewa niliwaambia ni fundo yangu hiyo.

Halafu mvua ikanyesha, ule mlango ikaanguka. Baba ya Akinyi wako, yule msichana ulitaka kuoa, alikuwa anafungia ng'ombe yake huko ndani. Asubuhi akakuta ndume yake chini ya mawe. Akashuka kwa maji na wazee wenzake. "Nani alitoa jiwe ya mlango?"

Mimi, mwenye sijawahi kunyamaza, nikanyamaza. Halafu nikafanya mbaya zaidi. Nikatania. "Ulizeni Ouma. Si yeye ndiye kila siku anapanda huko? Mnadhani anaenda kuangalia mawe?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akakuangalia wewe, na wewe ukaniangalia mimi, ukangoja. Mimi nikaanza kukunja tanga.

"Ng'ombe zako usilete kwangu," mzee akakuambia. Akinyi akaolewa Kisian. Wewe ukapanda mashua ya watu wa Shirati, hata kwaheri hukusema.

Nimekukasirikia miaka hii yote, Ouma. Kwa nini hukunitaja? Neno moja tu! Ungenitukana mbele yao, ningekupiga, ungenipiga, jioni tungekula samaki moja. Ukaniachia kimya, na mimi si mtu wa kimya. Inaniuma kama mwiba ya samaki mbuta kwa koo.

Mashua yetu ilioza. Maji imerudi nyuma, na jiwe iko pale kwa matope, na alama ya kamba kiunoni. Juzi nikaita watu ya nyumba ya baba ya Akinyi, nikawaambia, ni mimi. Niliitoa mimi, nikabeba peke yangu mpaka chini.

Kijana ya yule mzee akaangalia jiwe, akaangalia mimi. "Hii? Peke yako? Ah, mzee, hii ni tamu kushinda ile ya upepo kukusalimia. Ongeza ingine." Nikaapa kwa kaburi ya mama. Wakacheka mpaka mmoja akashika tumbo.

Unaona? Hata siku ya kusema ukweli nilishindwa kuacha kujisifu. Haikuwa peke yangu. Ulikuwa umekataa, lakini mimi ni mkubwa wako, ukainama ukashika ule upande nzito. Hiyo sikuwaambia. Hiyo ndiyo wangeamini.

Walipoenda nilijaribu kuirudisha. Haikutoka hata kwa matope. Kuja, Ouma. Kama hutaki kunisalimia, usinisalimie. Kuja tu tubebe.

Mimi kaka yako, mwenye alishika upande mwepesi.