Miguu Miwili, Kipimo Kimoja

3 Juni

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje na hilo ini? Sisi wazima, ila mjukuu wako Bosi ana wiki tatu sasa na haniachi hata nichane nywele. Naandika ananyonya, usicheke mwandiko.

Narudia maneno ya daktari, maana wewe ulikuwa unaitikia tu. Dawa waliyoipitisha kwa mrija kutoka kinenani hadi kwenye ini imeziba mshipa unaolisha uvimbe wa saratani. Sawa. Lakini baada ya tiba hiyo damu inaweza kubadilika, ikaganda ovyo. Bonge likikaa mguuni linavimbisha. Likipanda mapafuni, mama, nitakukosa. Kila asubuhi chukua futi yako ya ushonaji, pima vigimbi vyote viwili. Vikipishana sentimita tatu, hospitali siku hiyohiyo. Dereva wa gari la mikate ataniletea namba.

Mwanao

5 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na Bosi pia, ingawa hajaniamkia. Nimeamka salama, uji unashuka. Unaniamrisha utadhani mimi ndiye niliyenyonya kwako! Haya: jana kulia 33, kushoto 33. Leo kulia 33, kushoto 33. Miaka thelathini napima suruali za watu, leo nifundishwe kushika futi?

Mama yako

8 Juni, asubuhi

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo. Kulia 33, kushoto 33. Cherehani nimeipumzisha, mguu wa kukanyagia umekuwa mzito kama umelowa. Uzee huo.

Mama yako

8 Juni, mchana

Mama,

Salamu baadaye, nisamehe. Nimepima miguu yangu: 35, na 35 na nusu. Ya baba Bosi: 38 na 37. Yako tu ndiyo inalingana siku zote?

Nimekulia chini ya meza yako ya kukatia. Mteja ulikuwa unampima mguu mmoja, mguu wa pili wa suruali unaukata kwa kipimo hichohicho. Ndivyo unavyonifanyia?

Pima wa kushoto sasa hivi, dereva akiona. Haondoki bila wewe.

Mwanao, na sitanii

(nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Kushoto 38. Sikuwahi kuupima. Anapiga honi, naenda.

Mama

10 Juni

Mama,

Shikamoo. Dereva anasema alikukabidhi wodini, basi. Siku mbili sina neno lako. Niandikie hata namba tupu.

Mwanao

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mama. Nahema vizuri. Bonge lilikuwa juu ya goti, halijafika mapafuni. Wananichoma sindano ya kuzuia damu isigande, kisha wanaipima, isije ikakataa kuganda kabisa.

Leo muuguzi kaja na futi. Kapima kushoto, kaandika, anaondoka. Nikamwita: "Na kulia, binti."

"Mguu wa kulia mbona mzima, bibi?"

"Rudi upime. Nina mtoto mkali."

Kulia 33. Kushoto 36 na nusu.

Mama yako