Sahani ya Mgeni

Muleba

Dada Rehema, shikamoo,

Mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa. Leo niliwasomea wakazi wa kijiji hiki cha ujamaa matokeo ya utafiti wangu wa lishe, yale yale niliyopigiwa makofi chuoni. Jina la mtu sikutaja. Nilisema tu, "Katika nyumba moja jirani na kanisa, watoto hula mara moja kwa siku." Mkutano mzima ukageuka kumtazama Ma Yustina, mwenyeji wangu. Akainamisha kichwa. Nikaendelea kusoma, Dada!

Tangu nifike tumekula ndizi sote pamoja, kwenye jani moja la mgomba. Jioni hii amenipakulia peke yangu, kwenye sahani. "Kula, mgeni wetu," akasema, yeye aliyezoea kuniita mwanangu.

Nisalimie watoto. Mkikaa kula, niachieni nafasi yangu mkekani.

Mdogo wako,
Neema