Bibi Maringo

Shoga, umeme umekatika, na hapa gizani nasikia kandambili moja ikiburuzwa koridoni. Moja tu, ya kushoto. Ni binti yangu.

Tumetoka kwa daktari wa mifupa sasa hivi. Kumbe uti wa mgongo umepinda, na nyonga moja imepanda kuliko nyingine! Nikamuuliza, mbona kaka yake alirefuka ghafla vilevile na yuko wima? Akasema wasichana wakirefuka umri huu, mgongo ukianza kupinda huzidi upesi kuliko wa wavulana. Atavaa mkanda mgumu wa kuzuia mgongo usizidi kupinda. Ukishindwa, atapasuliwa. Mgongo, shoga! Ana miaka kumi na miwili!

Nimeung'ang'ania huo mkanda, ndio tumaini langu.

Na unajua mama mkwe anavyomwita mwaka mzima. Bibi Maringo. "Acha kubinua kiuno, unamringia nani?" Sijamwambia mama mkwe bado aliyosema daktari.

Ngoja. Kaisikia kandambili, anacheka huko sebuleni: "Bibi Maringo huyo! Hata gizani?"

Kandambili imenyamaza.

"Bibi, mimi siringi."